Pindo Lililozidi: Niliyojifunza kwa Kuuza Ramani za Kwilti

Ramani yangu ya kwanza ya kwilti ilikuwa na kosa la inchi mbili na nusu, na nilikuwa nimekwisha kuiuza kwa watu 41 kabla ya mteja mmoja kunipigia simu. Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole kwamba ameshona miraba yote 30, ameiunganisha, amefika kwenye pindo la kuizunguka, na pindo limezidi. Amelivuta, amelibana kwa pini, amelishona hivyo hivyo, na sasa kwilti yake ikilazwa kitandani inapiga mawimbi pembeni kama pazia. Aliniuliza amekosea wapi. Nilifungua karatasi yangu mwenyewe, nikapiga hesabu upya nikiwa bado naye kwenye simu, nikaona kwamba hakukosea popote. Nilikosea mimi.

Kwa wasioijua kazi hii, kwilti ni mfarishi wa tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa kwa mpango, katikati pamba nyembamba, chini bitana, kisha tabaka zote zinadariziwa pamoja ili pamba isihame. Kamusi zetu zinalo neno mfarishi, lakini hapa Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, Waswahili wote ninaowafahamu husema kwilti, nami nitaliacha hivyo. Ninachouza mimi ni ramani: karatasi chache zenye vipimo, michoro na maelezo ya hatua kwa hatua, zinazomwezesha mtu ambaye hatujawahi kuonana kushona kwilti niliyoibuni. Nimechagua neno ramani kwa sababu kazi yake ni ile ile ya ramani ya nyumba. Anayejenga haniulizi kitu; anaisoma karatasi na kuamini.

Nilizaliwa Tanga, katika nyumba ambayo cherehani ya shangazi yangu haikunyamaza kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Huko nilijifunza kupiga bandi, kukunja pindo na kutia nefa kwenye suruali. Kwilti sikuijua. Niliikuta Lancaster, kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kimenonite, dhehebu la Kikristo, ambaye siku moja ya baridi alinikaribisha ndani na kunionyesha kwilti ya zamani ya Waamishi, Wakristo wa huku wanaoishi kwa desturi za kale, aliyorithi kwa familia ya rafiki yake. Ilikuwa ya sufu, rangi zisizo na maua wala michirizi: zambarau, bluu nzito, nyekundu ya damu ya mzee. Katikati kulikuwa na mraba mkubwa uliosimama kwa pembe yake, ukazungukwa na fremu, na fremu ikazungukwa na pindo pana. Wenyeji huuita mpangilio huo Center Diamond, na ni miongoni mwa mipangilio ya kale ya Waamishi wa wilaya hii.

Nilisimama mbele ya ile kwilti nikaona kanga. Sisemi kwamba Waamishi waliwahi kuiona kanga. Nasema jicho langu lilitambua jambo lililolizoea. Mji katikati, pindo pande zote nne, na nguvu yote ya nguo ikitokana na namna pindo linavyoushika mji. Yule bibi aliponiuliza kwa nini nimenyamaza, nilipanda juu nikaleta doti ya kanga nikaitandaza kando ya kwilti yake sakafuni. Tulikaa pale hadi giza likaingia. Ramani yangu ya kwanza, niliyoipa jina la Mji na Pindo, ilizaliwa jioni ile, ingawa ilichukua miaka mingine mitatu kufika kwenye karatasi.

Katika miaka hiyo mitatu nilikuwa nashona kwilti na kuuza kwilti yenyewe, nikidhani hiyo ndiyo biashara. Katika wilaya ya Lancaster kila majira ya kuchipua vikosi vya zimamoto vya kujitolea huendesha minada mikubwa ya hadhara ambayo watu huiita minada ya matope, kwa kuwa barafu ndiyo kwanza inayeyuka na uwanja wote huwa tope tupu. Huuzwa farasi, magari ya kukokotwa, vifaa vya shamba, samani, na mahali pake pa heshima, kwilti. Nilipeleka kwilti moja niliyoishona majira yote ya baridi. Vijana wawili waliinyanyua juu wakaitandaza, mnadi akaanza kuimba bei kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata, na kabla sijajua kinachotokea ilikuwa imekwenda. Nilipotoa gharama ya vitambaa, pamba na uzi, kilichobaki kilikuwa sawa na chini ya dola mbili kwa kila saa niliyokaa kwenye sindano. Simlaumu mnunuzi wala waliouandaa mnada, maana bei ya mnada ni kile watu walicho tayari kutoa asubuhi ile. Lakini niliondoka pale nikiwa na uchungu wa kweli, na nikiwa barabarani nilifahamu kwamba mikono miwili haiwezi kushona kwilti za kutosha kulipa kodi ya nyumba. Ubunifu, kwa upande mwingine, ukiandikwa vizuri unaweza kuuzwa mara nyingi, na anayeununua anapata furaha ya kushona mwenyewe.

Nirudi kwenye lile kosa, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya yote.

Katika kazi ya kwilti kila mshono hula robo inchi ya kitambaa kila upande. Mraba wangu, ukiwa peke yake, una inchi 12 na nusu; ukishaungwa na wenzake pande zote, unabaki na inchi 12 kamili. Mji wa ile ramani una miraba mitano kwa upana na sita kwa urefu. Urefu wake sahihi, basi, ni sita mara 12, yaani 72, ukiongeza nusu inchi ya kingo mbili ambazo bado hazijashonwa: 72 na nusu. Mimi nilizidisha sita mara 12 na nusu, nikapata 75, nikaandika kwamba vipande vya pindo la ubavuni vikatwe kwa urefu huo. Ni kosa ambalo mtoto wa darasa la tano angeliona.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mimi mwenyewe nilikuwa nimeishona kwilti hiyo mara nne, na pindo langu halikuzidi hata mara moja. Imekuwaje? Ilinichukua siku kadhaa kupata jibu, nalo nililipata nikiwa nimeketi kwenye cherehani nikijitazama ninavyofanya kazi. Ninapofika kwenye pindo sisomi karatasi. Naitandaza kwilti mezani, napitisha tepu katikati yake, nasoma kipimo cha kwilti iliyopo mbele yangu, nakata. Shangazi alinifundisha kupima mwili wa mtu na si gauni lake la zamani, na mkono wangu ukalichukua fundisho hilo ukalipeleka hadi kwenye kwilti. Mara zote nne mkono ulisahihisha karatasi, wala haukuniambia.

Tangu siku ile nimeamini kwamba fundi mzoefu ndiye mtu asiyefaa kabisa kuijaribu ramani yake mwenyewe. Anajua mno. Mahali ambapo karatasi imenyamaza, ujuzi wake unajaza. Mahali ambapo karatasi inasema uongo, vidole vyake vinapita pembeni. Anayeweza kukuambia ukweli ni yule asiyejua unachokijua wewe.

Niliwaandikia wateja wote 41, nikawatumia karatasi iliyosahihishwa, na waliotaka nikawarudishia fedha. Watano walitaka. Kisha nikaiondoa ramani sokoni kwa miezi minne, nikatafuta watu watatu wa kuijaribu: mmoja aliyeshona kwilti miaka mingi, mmoja aliyekwisha kushona mbili tatu, na mmoja anayejua cherehani lakini hajawahi kushona kwilti. Niliwapa vitambaa, nikawaomba wasinipigie simu hata wakikwama, bali waandike kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi pale pale walipokwama.

Karatasi yenye wekundu mwingi ilitoka kwa yule wa tatu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye alifika Lancaster na familia yake kama wakimbizi na ambaye Kiingereza cha kwenye karatasi kilikuwa bado kinamsumbua. Yeye hakusoma maneno yangu, alisoma michoro. Kwenye hatua ya saba alikuwa ameandika: “Mama, hapa kitambaa kinaonyesha uso ao mgongo?” Nilitazama mchoro wangu. Kweli, nilikuwa nimekipaka kitambaa rangi ile ile upande wa nje na upande wa ndani, hivyo hapakuwa na njia ya kujua nguo imegeuzwa au la. Washonaji wengine wawili walikuwa wamepita hatua ile bila kuona shida, kwa sababu walikwisha kujua jibu. Tangu wakati huo mgongo wa kitambaa katika michoro yangu yote ni wa kijivu chenye mistari, na kila ninapouchora namkumbuka yeye. Maneno yake mawili, uso na mgongo, ndiyo ninayoyatumia katika ramani ninazoziandika kwa Kiswahili kwa ajili ya dada zetu wa huku na wa nyumbani.

Mambo mengine yaliyotokana na kalamu zile nyekundu nitayataja kwa haraka. Kila kipande sasa kina vipimo viwili, cha kukatia na cha baada ya kushonwa. Kwenye pindo nimeandika kipimo, lakini kabla yake nimeandika kwa herufi nzito: pima kwilti yako katikati na si ukingoni, kwa maana ukingo huvutika ukarefuka unaposhikwa-shikwa, kisha kata pindo kwa kipimo ulichokipata wewe. Na kwa wanaonunua ramani ya kuchapa wenyewe nyumbani, ukurasa wa kwanza una mraba mdogo wa inchi moja. Mtu akiuchapa aupime kwa rula kwanza, kwa sababu mashine nyingi za kuchapa huipunguza picha kidogo ili itoshe kwenye karatasi, na violezo vyote vikatoka vidogo.

Maonyesho nayo yana elimu yake. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kwilti nzuri ikishatundikwa imemaliza kazi, na kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza.

Kwanza kuna nefa. Kila maonyesho yenye utaratibu hudai kwilti iwe na nefa mgongoni, upande wa juu, ya upana wa inchi nne, ili ufito upite na uzito wa nguo uenee sawa. Nilipoyasoma masharti kwa mara ya kwanza nilifurahi kukutana na kitu cha kwetu, maana ni nefa kabisa, kama ile ya suruali ya kamba, isipokuwa hii ni pana na hushonwa kwa mkono kwenye bitana bila uzi kutokeza mbele. Niliishona kwa haraka, usiku wa kuamkia siku ya kupeleka. Nilifanya pia jambo baya zaidi: kwilti yenyewe ilikuwa imekunjwa kabatini tangu ilipokamilika, sehemu nne kwa mkunjo ule ule. Ilipotundikwa chini ya taa za ukumbini, mikunjo miwili ilionekana ikipita katikati, mmoja wima na mmoja mlalo, na juu, mahali nefa ilipovutwa zaidi upande wa kushoto, nguo ilikuwa imeinama. Jaji aliandika maneno mawili tu kuhusu rangi na mistari sita kuhusu mikunjo, nefa na pembe za ukingo. Alikuwa na haki. Kwilti ikiwa kitandani hutazamwa ikiwa imelala na mtu ana usingizi. Ikiwa ukutani hutazamwa imesimama, kwa mwanga wa pembeni, na mtu aliyekuja kutazama. Sasa kwilti zangu zote za maonyesho huviringishwa kwenye bomba nene la karatasi, uso kwa nje, zikavikwa shuka safi ya pamba, wala hazikunjwi.

Mwaka mmoja nilisafiri hadi Paducah, Kentucky, mji mdogo ukingoni mwa Mto Ohio ambao washonaji wa dunia nzima huuendea kama watu wanavyoendea ziara. Chama cha American Quilter's Society kimekuwa kikifanya maonyesho yake huko tangu 1985, jumba la makumbusho ya kwilti lilifunguliwa 1991, na 2013 UNESCO iliuingiza mji huo katika mtandao wake wa Miji ya Ubunifu kwa sababu ya kazi za mikono. Nilikwenda kutazama, na nilichokitazama zaidi ni akina mama wa kujitolea waliovaa glavu nyeupe. Mgeni haruhusiwi kugusa, kwa kuwa mafuta ya vidole huiharibu nguo taratibu. Akitaka kuona mgongo wa kwilti humwita mwenye glavu, naye huinua pembe kwa ncha za vidole na kuigeuza. Niliona jambo ambalo sikulitegemea: karibu kila aliyejua kushona aliomba kuonyeshwa mgongo. Huko ndiko walikokuwa wakiisoma kazi, kwenye mafundo, kwenye usawa wa mishono, kwenye mahali uzi ulipoanzia na ulipoishia. Nilirudi nyumbani nikaibadilisha meza yangu. Tangu hapo pembeni ya kwilti kubwa iliyotundikwa huwa naweka kwilti moja ndogo, ya kitanda cha mtoto mchanga, iliyoshonwa kwa ramani ile ile, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuishika, kuigeuza na kuvuta mishono yake kwa kucha. Inachakaa kila mwaka na kila mwaka nashona nyingine. Hakuna kitu kilichoniuzia ramani nyingi kuliko kwilti hiyo ndogo iliyochakaa.

Kuna kingine kilichoniuzia ramani, nacho nilikipata baada ya kushindwa. Katika maonyesho yangu ya kwanza nikiwa na kibanda, futi kumi kwa kumi, nilitundika Mji na Pindo iliyoshonwa yote kwa kanga. Ilivuta watu. Walisimama, waliita wenzao, walipiga picha, waliuliza maneno yaliyoandikwa yana maana gani. Kisha walisema: “Mimi sina nguo kama hii,” wakaondoka. Kwa siku tatu niliuza ramani tisa. Wageni waliipenda kwilti, lakini hawakuweza kujiona wakiishona. Mwaka uliofuata nilitundika tatu kwa safu: ya kanga katikati, kulia ya vitambaa vya maua vinavyopatikana katika duka lolote la kwilti la hapa, na kushoto ya rangi tupu kama za ile kwilti ya Waamishi iliyoanzisha yote. Ramani ni moja, sura ni tatu. Watu waliendelea kusimama mbele ya kanga, ila sasa baada ya kuitazama waligeuza macho kulia au kushoto, nami niliweza kuona katika uso wa mtu dakika anayokumbuka kitambaa alichonacho nyumbani. Ramani 64 zilikwenda, na mwenye duka mmoja akaagiza dazeni mbili kwa nusu ya bei ya rejareja, ambayo ndiyo desturi ya maduka.

Kanga yenyewe ina masharti yake. Ni nyepesi kuliko pamba ya kwilti ya madukani, huja na gundi ya kiwandani inayodanganya mkono, na baadhi huchuja rangi. Siku hizi kila kanga naifua kabla ya kuikata, nyekundu naifua peke yake, halafu naipiga pasi ikiwa mbichi juu ya kitambaa cheupe. Kile cheupe kikipokea rangi, naifua tena. Nilianza desturi hii baada ya kwilti moja niliyoishona miezi mitano kutoka kwenye maji ikiwa na rangi ya waridi kila mahali palipokuwa peupe.

Lakini swali gumu la kanga ni jina. Nilipoanza, nilikata kanga kama kitambaa kingine chochote, na vipande vya maneno vikaangukia popote: nusu ya neno hapa, kichwa chini pale. Nilimtumia shangazi picha nikitazamia pongezi. Alinipigia usiku uleule.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kazi nimeiona, mikono imetulia. Ila hebu niambie, maneno ya watu umeyakatakata ya nini? Kanga bila jina si leso tu? Mtu akikuita nusu ya jina lako, utaitika?”

Sikuwa na jibu. Siku hizi jina nalikata kwanza, likiwa zima, na kwilti yote naipanga kulifuata. Ile iliyotundikwa katikati ya kibanda changu ina maneno “Wema hauozi” chini ya mji, pale yanapokaa kwenye kanga, na pembeni yake nimebandika kadi yenye maana yake kwa Kiingereza. Wageni huisoma kadi hiyo kabla ya kutazama bei. Wengi hawana kanga, basi katika ramani nimeacha mahali pa jina, utepe wa upana wa inchi tatu, nikaeleza namna ya kudarizi au kuandika kwa wino wa nguo maneno ya mshonaji mwenyewe, kwa lugha yake.

Kuhusu maneno na kazi kwenda pamoja nilipata somo jingine kwa mwanamke aliyekufa kabla ya bibi yangu kuzaliwa. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 aliionyesha kwilti yake ya habari za Biblia katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, na mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akataka kuinunua. Alikataa. Miaka michache baadaye shida ikamlazimisha; aliomba dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuiacha alimweleza Smith kila picha, zote 11, ina maana gani, na Smith akayaandika. Baada ya hapo Powers alirudi mara kadhaa kuitazama tu. Leo kwilti hiyo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington, na tunaweza kuisoma kwa sababu mshonaji alisema na mtu akaandika. Nikilinganisha na kwilti nyingi za kale zilizotundikwa katika makumbusho ya Whitney, New York, mwaka 1971, maonyesho yaliyowafanya watu wengi waanze kuzitazama kwilti kama michoro ya ukutani, nasikitika kwamba nyingi kati yake zilifika pale bila jina la aliyezishona. Rangi ziliheshimiwa, mikono ikasahauliwa. Ndiyo maana hakuna kwilti inayotoka nyumbani kwangu bila lebo mgongoni: jina, mji, mwaka, na aliyeshonewa. Na ramani zangu zote zina lebo tupu ya kukata kwenye ukurasa wa mwisho, ili mteja aandike jina lake na si langu.

Haki nayo huanzia papo hapo. Mipangilio ya kale ya miraba ni mali ya wote, na hakuna awezaye kudai kwamba amebuni Center Diamond; kilicho changu ni maelezo yangu, michoro yangu na mpango wangu wa pekee. Vivyo hivyo, maua ya kanga si yangu. Kanga nyingi za Mombasa zina maandishi madogo “Mali ya Abdulla” kwenye nguo yenyewe, nami kipande hicho siku zote nakiingiza mahali kinapoonekana, kwa kuwa mchoro ule una mwenyewe. Nauza ramani ya kupanga nguo. Nguo ina wenyewe. Mengine ya fedha ni mepesi kuyasema: jimbo hili hutoza asilimia 6 ya kodi ya mauzo, na ni lazima uwe na kibali kabla ya kufungua kibanda, hivyo nimejizoeza kuiweka kodi kwenye bahasha yake siku ile ile ya kuuza.

Msimu uliopita nilikuwa na kibanda katika maonyesho madogo ya wilaya, na mchana, watu walipopungua, nilimwomba jirani wa kibanda anitazamie meza nikaenda kuzunguka ukumbi. Kwenye safu ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea, niliiona Mji na Pindo. Sikuijua rangi yake: kijani cha majani mabichi na manjano ya embe, na katika utepe wa jina palikuwa pameandikwa kwa uzi mweusi sala fupi ya Kijerumani cha Pennsylvania, lugha wanayoizungumza Waamishi. Mwenyewe hakuwapo. Nilimwita mama mwenye glavu, akanigeuzia pembe. Lebo ilikuwapo, jina lake, mwaka, na maneno kwamba ameishona kwa ajili ya mjukuu anayeoa. Nilimshukuru. Kisha nikapiga magoti pale sakafuni, nikainamisha kichwa hadi jicho langu likawa sawa na ukingo wa chini, nikalifuata pindo la ubavuni kwa macho kutoka chini hadi juu, polepole, inchi kwa inchi. Lilikuwa limelala sawasawa.